Sura ya Sita: Nambari Haizikwi

Inspekta Wavinya hakuwa mtu wa kukaa kitini zaidi ya dakika tano, na asubuhi hiyo ya Jumatano hata hizo tano zilimshinda. Alikuwa ameisoma Taarifa ya Tathmini ya Athari mara tatu, kurasa arobaini na mbili za karatasi nyeupe pe, na kila alipoimaliza aliinuka, akaizunguka meza, akaanza kuisoma tena akiwa wima. Konstebo Ndunda alikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Alishamzoea mkubwa wake, akamwacha azunguke.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Halmashauri ya Mazao ya Misitu Kavu ilikuwa imeandaa kanuni mpya za mbao za kuchonga. Hakuna gogo la muuku, mti mgumu wa nchi kavu, wala la mjakaranda litakaloguswa na tezo bila mhuri, na mhuri wenyewe utapigwa Machakos mjini peke yake, siku za Jumanne, gogo likiletwa zima. Yaani mchongaji wa Wamunyu, mji mdogo wa wachongaji, abebe gogo hadi mjini, apange foleni nalo, apigiwe mhuri, alirudishe nyumbani, ndipo aanze kuchonga kifaru chake. Sasa, sheria haimruhusu mtu kuamka tu na kutunga kanuni kama anavyopanga nyanya sokoni. Kwanza pafanywe tathmini. Kanuni hii itamuumiza nani? Itamgharimu nini? Hakuna njia nyingine? Na tukiacha mambo yalivyo, kutaharibika nini? Tena wale watakaoumia waulizwe wenyewe, ana kwa ana.

Kazi hiyo ilipewa kampuni iitwayo Upeo Ushauri, na taarifa yao, iliyoandikwa na mtaalamu wao Bonface Kilonzo, ilisema waliwauliza. Tarehe kumi na moja Machi, ukumbi wa kanisa, Wamunyu. Wachongaji themanini na tatu wa Ushirika wa Tezo walihudhuria, majina yao, nambari zao za uanachama na sahihi zao vikiwa kwenye kiambatisho cha tatu. Wote, ilisema taarifa bila haya, waliunga mkono kanuni.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesema huo ni uongo mtupu. Musili Kioko, katibu wa ushirika, aliiandikia kamati ya bunge la kaunti kwamba mkutano huo haukuwako. Kamati ikawaambia Upeo walete fomu zenyewe za maoni, zile zilizojazwa kwa mkono. Kabla hazijaletwa, ofisi ya Upeo ikavunjwa dirisha na sanduku la fomu likatoweka. Chini ya dirisha ikaokotwa patasi ya kuchongea, mpini wake umekwaruzwa nambari 112. Ukifungua kiambatisho cha tatu, 112 ni Musili Kioko.

Polisi hawakuumiza kichwa. Musili alikamatwa Jumanne jioni, na aliyemtia pingu ni Wavinya mwenyewe. Kesho saa tatu angesimama mbele ya hakimu, na saa nne kamati ingekaa kuamua juu ya kanuni. Mlalamishi akishaitwa mwizi, nani atasoma barua yake? Kanuni zingepita, na Wamunyu nzima ingeanza kupanga foleni na magogo. Wavinya alikuwa na siku moja tu, na nusu ya asubuhi ilishakwenda.

Kilichomkereketa ni maneno ya Musili. Alipoonyeshwa patasi hakulia wala hakubishana. Alisema kitu kimoja tu, taratibu: "Madam, patasi haina nambari." Wavinya alimgeuzia mpini, akamwonyesha 112 hiyo hapo, mtu hahitaji miwani. Musili akarudia yale yale. Wavinya alidhani anadharauliwa, akakasirika, akamsukuma garini kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Usiku hakulala vizuri.

"Twende Wamunyu," alisema, tayari akiwa amempita Ndunda kwenye ngazi. Patasi ilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki wa vielelezo, imetiwa sahihi kwamba imetoka stoo ya ushahidi saa mbili na robo.

Njiani hakupoteza muda. Alimpigia simu naibu wa chifu wa huko, akaanza kumsomea majina ya orodha moja baada ya jingine, naibu akiitikia huyu yupo, huyu yupo. Walipofika nambari 29, Kioko Mutisya, naibu alimkatiza. Huyo ni babake Musili, alisema, na walimzika miaka minne iliyopita.

Wavinya alipiga paja lake. Marehemu ametia sahihi mkutanoni. Alimwambia Ndunda aongeze mwendo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Banda la Ushirika wa Tezo lilijaa vumbi la msasa na harufu ya rangi ya viatu, ile wanayosugulia wanyama wa mbao mpaka wang'ae. Kalekye, mkewe Musili, alikuwa ameketi kwenye kigoda na twiga mapajani, akimsugua shingo. Alimwona inspekta akiingia na hakusimama. Aliuliza tu leo wamekuja kumchukua nani. Wavinya alimsalimia kwa Kikamba, kwa heshima yote, na hakujibiwa. Hakulazimisha. Angekuwa yeye, naye asingejibu.

Mweka stoo alikuwa Mzee Bartholomew, mtu wa miaka sabini na kitu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Yeye alimpa kiti. Wavinya alikikataa kwa adabu, akaitandaza orodha juu ya meza na kuweka kidole kwenye 29.

"Mzee, huyu mtu amekufa. Na hapa amesaini."

Bartholomew alisogeza miwani, akasoma, akatikisa kichwa kama anayemsikitikia mgeni.

"Kioko tulimzika, ni kweli. Mimi mwenyewe nilishika koleo. Lakini nambari haizikwi, madam."

Akamweleza, bila haraka hata kidogo, huku Wavinya akibadilisha mguu huu na ule. Mtu akijiunga na ushirika anapewa nambari, na kila anachokichonga anakiandika nambari hiyo tumboni, ili duka lijue ni cha nani. Mchongaji akifa, nambari yake inachukuliwa na yule aliyebaki na kazi, awe mtoto, awe mjane. Kuna wanunuzi wameagiza vifaru vya 29 miaka thelathini, hawajui Kioko ni nani, wanajua 29. Musili ndiye anayechonga kwa 29 sasa. Kwenye vitabu jina linabaki la Kioko, na Musili anatia sahihi mbele yake. Wala si uongo, ndiyo desturi yao. Kwa hiyo sahihi mbele ya jina la Kioko haithibitishi lolote, kwa sababu mwanawe angeweza kuitia mchana kweupe mbele ya padri.

Wavinya alitoa neno ambalo halisemwi mbele ya wazee, kisha akaomba radhi. Ushahidi wake wa maiti ulikuwa umekwisha kabla hata chai haijachemka. Alianza kuzunguka banda. Alikiinua kifaru kimoja, akakigeuza, 29. Akakiinua kingine, 29, rangi bado mbichi, ikamchafua vidole. Musili alikimaliza hicho jana mchana, Bartholomew alisema, kabla hawajaja kumchukua. Wavinya alibaki amekishika. Kitu fulani hakikukaa sawa na kilichelewa kidogo kumfikia.

"Kama Musili ni ishirini na tisa," alisema, "mia moja na kumi na mbili ni nani?"

Kalekye ndiye aliyejibu. Alimgeuza twiga wake juu chini, akaonyesha tumbo. 112, imechongwa safi.

"Ilikuwa ya Musili akiwa kijana," alisema. "Mzee alipofariki, yeye akachukua ya baba, mimi nikabaki na hii. Miaka nne. Jina ni yangu kwa kitabu, uliza huyo."

Bartholomew alikuwa ameshafungua rejista. Ilikuwa hapo, kwa wino wa bluu, tarehe na yote: 112, Kalekye Musili. Wavinya aliichukua orodha ya Upeo na kuisoma upya kutoka mwanzo hadi mwisho, kidole kikishuka jina kwa jina. Kalekye hakuwemo popote. Kioko alikuwa 29, Musili alikuwa 112, kama ambavyo ushirika ulikuwa kabla ya mazishi. Orodha hii haikuandikwa na watu waliokuwa ukumbini Machi. Ilinakiliwa kwenye rejista ya zamani, na aliyeinakili hakujua kwamba Kioko alikufa.

Na patasi ya dirishani ilikuwa na 112 hiyo hiyo. Kosa lilikuwa moja, mahali pawili.

Aliitoa patasi, mfuko na yote, akaiweka mbele ya mzee. Alimwuliza kama ameiona kabla.

"Patasi haina nambari," Bartholomew alisema.

Wavinya alimgeuzia mpini. Ni maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya upole. "Si unaiona, mzee? Hii hapa."

"Hiyo iko nayo, naona. Mimi nasema patasi. Patasi haina nambari. Nambari ni ya kitu inaenda kuuzwa, ndio duka ijue. Sasa patasi inaenda wapi?"

Kumbe ndivyo. Musili hakuwa anakana kilichoandikwa kwenye mpini. Alikuwa akimwambia kwamba hakuna mchongaji duniani angeandika nambari hapo, na yeye akamsukuma garini. Wavinya aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka masikioni, na hakujaribu kuificha mbele ya Kalekye. Aliuliza basi wao hujuaje patasi ni ya nani.

Bartholomew alinyoosha mkono. Kila mtu hujichongea mpini wake, alisema, kwa kiganja chake, na ukishika wa mwenzako unajua hapo hapo kama umevaa kiatu cha mtu. Alimwomba aishike. Wavinya hakumruhusu kuitoa mfukoni, ila alimruhusu aishike kwa juu ya plastiki. Mzee aliifumbata, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kibonyo kidogo karibu na chuma. Kisha akaiweka mezani polepole na kuvua miwani.

"Huu mkono naujua," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Tulichonga kwenye benchi moja miaka ishirini."

"Wa nani, mzee?"

Badala ya kujibu alifungua rejista nyuma kidogo, akaigeuza na kumsogezea. Mstari wa 61. Kilonzo Muthama, amefariki, na mwaka wenyewe, miaka kumi na moja iliyopita. Safu ya mrithi ilikuwa tupu. Mistari mingine yote ya marehemu ilikuwa imejazwa majina ya watoto na wajane. Huo mmoja tu ulikuwa umeachwa wazi, na pembeni mtu alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli.

Huyu hana mtu, Wavinya aliuliza. Bartholomew akasema anaye, mvulana mmoja, alisoma sana, akaenda. Watu wamemwambia yeye, mweka stoo, mara nyingi ampe mwingine nambari hiyo, kuna vijana wanaihitaji, naye anakataa. Labda kijana atarudi siku moja, alisema, nani anajua. Hata rejista hiyo iliwahi kutoka humu ndani mara moja tu, nakala moja, miaka mitano sasa, kwa sababu ni kijana huyo aliyepiga simu kuiomba kwa ajili ya masomo yake, akamtuma bodaboda aichukue na kurudisha stakabadhi imetiwa sahihi. Mtoto wao wenyewe, angemnyimaje?

"Anaitwa nani?"

"Bonface," mzee alisema, na akageukia dirishani.

Wavinya aliomba ile stakabadhi, na mzee akaitoa kwenye faili bila kumtazama usoni. Aliilaza karibu na orodha ya Upeo, kwenye nambari 61, akainama, akaziangalia zote mbili kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameangalia kitu chochote siku hiyo. Akazipiga picha. Kisha akamwomba Bartholomew amwazime kile kifaru chenye rangi mbichi, akaandika risiti ya kukipokea, kwa sababu kitu cha mtu ni cha mtu hata kikiwa na pembe. Kalekye alimuuliza kama Musili atarudi. Alikuwa amesimama sasa, twiga kifuani.

"Leo," Wavinya alisema. Halikuwa neno la kuahidi kabla ya wakati, na alilijua hilo, lakini lilishatoka.

Ofisi ya Upeo Ushauri ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya paa la baraza la duka la magodoro. Dirisha lililovunjwa lilikuwa limezibwa kwa katoni. Katibu wa ofisi, Lavender, dada wa miaka ishirini na kitu aliyekuja kufanya kazi Machakos kutoka Kisumu, alimwambia Bonface yuko kwa simu, asubiri kidogo. Wavinya hakusubiri vizuri. Alisimama mbele ya meza yake na kumuuliza kuhusu sanduku lililoibwa, kana kwamba anapitisha muda tu.

Lavender alilijua sanduku, maana ni yeye aliyelinunua. Lini? Alihesabu siku. Ijumaa, siku moja baada ya barua ya kamati. Bonface alimtuma dukani, akalileta, Bonface akaliandika "Fomu za Maoni, Wamunyu" kwa kalamu nene na kuliweka dirishani.

"Lilikuwa zito?"

"Zito wapi, madam. Nililipangusa vumbi Jumatatu, nikaliinua na mkono moja. Nikadhani bado anatafuta fomu aweke."

Na fomu zenyewe, alikuwa amewahi kuziona? Hapana, Lavender alisema, na yeye ndiye hufanya uchapishaji wote wa ofisi. Wavinya alimwandikisha maneno hayo palepale, tarehe na saa, akamsomea, naye akatia sahihi. Mwizi gani huvunja dirisha aibe sanduku tupu?

Bonface Kilonzo alitoka mwenyewe kumkaribisha, suti ya kijivu, tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Alipohojiwa mara ya kwanza, Jumanne asubuhi, alisema Wamunyu anaijua kikazi tu. Sasa alimpa pole kwa kazi nyingi, akamwagizia chai, akamvutia kiti. Wavinya aliacha kiti na chai vyote viwili. Alimwita Lavender aje akae mlangoni asikie, kisha akatoa kifaru mkobani na kukiweka juu ya karatasi za Bonface.

"Nisaidie," alisema. "Ni cha nani hiki?"

Mkono wa Bonface ulikwenda bila kuulizwa. Hakukitazama kichwa wala pembe, hakukitafuta jina. Alikigeuza juu chini na kusoma tumbo, kama mtoto wa mchongaji yeyote, na alipogundua alichofanya alishachelewa.

"Ishirini na tisa," alisema. "Kwa... kwa orodha yetu, huyo ni Kioko Mutisya."

"Tazama vidole vyako."

Vilikuwa vyeusi kwa rangi ya viatu. Wavinya alimweleza kwamba kifaru hicho kilipakwa rangi jana, na Kioko Mutisya yuko kaburini miaka minne. Bonface akasema labda kuna makosa madogo kwenye orodha, watu wengi, siku moja, joto. Wavinya alikubali kwamba ni makosa madogo. Akampa moja baada ya jingine, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye katoni ya dirishani na kurudi: Musili ni 29 tangu babake afe. 112 ni Kalekye. Kuna karatasi moja tu ulimwenguni ambayo bado inamwita Musili 112, nayo ni nakala iliyotoka stoo miaka mitano iliyopita. Aliyeandika orodha alikuwa nayo. Aliyekwaruza patasi alikuwa nayo.

"Mgeni angeandika jina," alisema. "Mchongaji hangeandika kitu. Ni mtu wa katikati tu angeandika nambari, mtu aliyekulia pale akaondoka mapema."

Bonface alikuwa amekaa sasa. Alisema hiyo ni dhana, hakuna hakimu atakayeipokea. Alisema kweli, na Wavinya alimwambia hivyo. Akatoa patasi.

"Mzee Bartholomew ameishika hii leo."

Tabasamu lilikwisha. Bonface aliitazama patasi ndani ya mfuko wake wa plastiki na kwa muda hakuwa mtaalamu wa chochote. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Wavinya alimkumbusha kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba ana haki ya wakili. Lakini maneno yalishafunguka, na yalitoka bila mpangilio. Alipewa siku tisa kufanya tathmini nzima. Siku ya kwanza aliwasha gari kwenda Wamunyu akaishia kituo cha mafuta. Ya pili vilevile. Hajakanyaga kwao tangu amzike babake. Angesimama mbele ya wazee waliomlea aseme nini, kwamba amewaletea mhuri? Wangekataa, alijua wangekataa, na halmashauri haikutaka kusikia hivyo. Akachukua ile nakala ya rejista akaanza kuandika.

"Sahihi themanini na tatu," Wavinya alisema.

"Nilibadilisha kalamu. Nilibadilisha mkono, hata wa kushoto."

"Ila moja."

Aliweka simu mezani, picha mbili pamoja. Moja ni stakabadhi ya miaka mitano nyuma, sahihi ya Bonface Kilonzo, B kubwa na mkia unaorudi chini ya jina lote. Nyingine ni mstari wa 61 wa kiambatisho cha tatu, Kilonzo Muthama. B kubwa. Mkia ule ule.

Lavender aliziba mdomo kwa mkono. Bonface hakuangalia simu kwa muda mrefu; hakuhitaji.

"Ungemruka," Wavinya alisema. "Amekufa miaka kumi na moja, ulijua. Themanini na mbili zingetosha."

"Ningemrukaje baba?" Bonface aliuliza, na ilionekana kweli anataka kujibiwa. "Nilifika hapo nikajaribu kumwandikia sahihi ya uongo. Mkono ukakataa."

Wavinya alichukua simu, akapiga kituoni, akasema kwa kifupi kwamba Musili Kioko atolewe seli sasa hivi, si jioni, na apewe gari la kumrudisha kwake. Kisha akampigia karani wa kamati. Saa nne kesho angekuja mwenyewe, alisema, na kiambatisho cha tatu, na angekuja na Musili akikubali kukaa naye benchi moja. Taarifa ya tathmini iliyoandikwa bila kumuuliza mtu haiwezi kubeba kanuni yoyote. Karani alitaka kujua kama ana uhakika. Wavinya alisema anao.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavuta kiti na kukaa. Alitoa karatasi nyeupe na kalamu. Alimwambia Bonface kwamba maelezo yake atayaandika kwa afisa mwingine, maana sheria haimruhusu mpelelezi kuyapokea mwenyewe. Yeye alihitaji sahihi tu, kumi, za kupelekwa kwa mtaalamu wa maandishi azilinganishe.

Bonface alishika kalamu, akaacha.

"Mstari wa baba," alisema. "Kwa kitabu cha mzee. Walimpa nani?"

Wavinya angeweza kunyamaza. Hakuwa na sababu yoyote ya kumhurumia mtu aliyemlaza Musili seli. Lakini alikuwa ameuona ule mstari kwa macho yake, na ile alama ya penseli.

"Hawakumpa mtu. Kwao, anayetia sahihi mbele ya jina la marehemu ndiye mwenye nambari. Mzee Bartholomew amekuwekea hiyo nafasi miaka kumi na moja. Kati ya sahihi zote themanini na tatu, Bonface, hiyo moja tu ndiyo ya halali."

Bonface aliinamisha kichwa mpaka karibu kiguse kifaru. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wenye rangi, ukamwachia doa jeusi shavuni, akavuta karatasi na kuanza kutia sahihi, polepole, moja chini ya nyingine, kila moja na mkia wake.